Mgando wa Ghorofa ya Sita

Kissa alikuwa anamwaga maziwa kwenye sinki, mara ya pili wiki ile. Alifungua bomba, akasimama kuyaangalia yakizunguka na kuondoka, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa kupita kiasi. Kisha akanusa sufuria, akanigeukia.

"Machungu," alisema. "Si machachu, Mama George. Machungu."

Nilimwambia labda hayakukaa vya kutosha.

"Yamekaa siku tatu. Kwetu, siku tatu, maziwa unayakata kwa kijiko. Haya yanajikalia tu, yanakuangalia. Ya nne yanaoza kama nyama."

Yalikuwa maziwa ya boksi, yale yanayopangwa dukani nje ya friji na kukaa miezi sita bila neno. Kissa alikuwa anayafanya kama alivyofunzwa kwao: mimina, funika, weka pembeni, usiyaguse. Ni mume wangu Shedrack aliyetufumbua macho, alipotoka darasani akatukuta tumeinamia sufuria. Alisema maziwa hayo yalipikwa huko kiwandani kwa moto mkali mpaka kila kilichokuwa hai ndani yake kikafa, kwa hiyo hakuna wa kuyagandisha.

Kissa alimtazama, akaitazama sufuria.

"Yaani wiki nzima nimekaa na maiti," alisema, "nangoja aamke."

Tunakaa ghorofa ya sita nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda: mimi, Shedrack anayesoma chuo cha jirani, mtoto wetu George wa mwaka na miezi mitatu, na Kissa aliyepanga kile chumba kidogo kinachopakana na jiko. Chini yetu vyerehani havinyamazi, na mikokoteni ya majora ya vitambaa inapita vichochoroni tangu alfajiri. George alijifunza kulala na kelele hizo. Kukiwa kimya, ndipo anapoamka.

Kissa ni mtu wa Tukuyu. Hapa Guangzhou, China, ana mwaka wa tisa. Alikuja kumsaidia mama yake mdogo kununua nguo za watoto. Mama mdogo akachoka akarudi, yeye akabaki kuwaongoza wafanyabiashara wanaotoka nyumbani. Anawapeleka Shahe kwa nguo za bei ya chini, anawapeleka Xintang kwa jinzi, anabishana na laoban, bosi wa kiwanda, kwa niaba yao, anakaa juu ya mizigo mpaka kontena lifungwe. Mpe kitambaa akiwa amefumba macho, atakwambia kama kitachuja au hakichuji. Lakini siku hizi wafanyabiashara wanatumiwa picha kwenye simu na kuagiza wakiwa kitandani kwao, na mgongo wake umeanza kumkatalia. Akishuka ngazi anashika ukuta, akidhani simwoni. Ana binti yake kidato cha pili, anaishi na bibi yake huko Tukuyu. Ndiyo maana Kawira aliposema lile neno lake, Kissa alilipokea kwa mikono miwili.

Kawira ni Mkenya, Mmeru, ana mgahawa mtaa wa Xiaobei, juu ya duka la mabegi. Siku ile nilikuwepo, nimembeba George mgongoni.

"Kissa, wacha nikuambie," Kawira alisema huku anapangusa meza. "Kila siku wananiuliza mala. Wasomali, Wakenya, na nyinyi Watanzania na huo mgando wenu. Na mimi ni mei you, mei you, hakuna, hakuna, mpaka nimekuwa kama Mchina wa duka la simu. Si mnasema kwenu ng'ombe wanalala ndani ya nyumba?"

"Ng'ombe wana nyumba yao," Kissa alijibu. "Ila maziwa nayajua tangu sijaota meno."

"Basi lete. Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wakitoka kusali, nataka majagi mawili mezani. Ikiwa poa, jiko la asubuhi ni lako. Uache hiyo kazi ya kuatamia magunia ya jinzi kama kuku."

"Na isipokuwa poa?"

"Careen wangu wa kuosha vyombo anaiomba hiyo nafasi kila siku. Mimi sitaki stori, sister. Nataka mala."

Jiko la asubuhi maana yake ni kupika pale pale, chini ya paa moja, hakuna ngazi wala mzigo. Tulipotoka tulitembea mpaka kituo cha treni. Hapo Kissa akaniambia, taratibu, kwamba yeye kushindwa na maziwa ni kama samaki kushindwa na maji.

Akashindwa na maziwa. Baada ya yale ya boksi alinunua ya friji, akayatia mtindi wa dukani yawe na mbegu. Mtindi wa hapa una sukari wote. Alisimama mbele ya friji la duka nusu saa, anachukua kikopo anarudisha, anamuuliza muuzaji kwa Kichina kama upo usio na sukari, na yule binti anamletea wenye matunda. Alioutengeneza ulitoka mtamu, unavutika kama kamasi. George aliupenda. Kissa alisema George bado hana kauli katika jambo hili.

Halafu akadhani ameupata. Karibu na lango la soko kuna mama wa Kichina mwenye kiduka cha vitu vitamu. Anachemsha maziwa, anayamimina kwa juu ndani ya bakuli lenye maji ya tangawizi, anafunika, na kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu maziwa yameganda. Ili kukuonyesha, anaweka kijiko juu yake, na kijiko hakizami. Kissa alikiona kile kijiko akanishika mkono kwa nguvu. Tuliketi. Akaonja. Akafumba macho, akayafumbua.

"Hii ni chai ya tangawizi," alisema. "Imeganda tu."

Lakini hakuondoka. Aliomba kuyaonja maziwa yenyewe kabla hayajatiwa kitu. Yalikuwa mazito, meupe, na yaliacha mafuta kwenye mdomo wa kikombe. Mama yule akamweleza kwa mikono, akiweka vidole kichwani kama pembe pana, kwamba ni ya nyati, wale wanaolimia mashamba ya mpunga.

"Nyati wa kwetu anaua mtu," Kissa aliniambia, "hapa wanamkamua." Na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili nilimwona anacheka. Mama akakubali kumuuzia lita nne kila akihitaji, ambayo hayajachemshwa sana.

Maziwa yakapatikana. Ikabaki mbegu.

Hiyo ililetwa na mzee Thadeo. Ni mfanyabiashara wa jinzi kutoka Tukuyu, jirani wa mama yake Kissa, mtu wa zamani ambaye bado anapanda ndege kuja kushika nguo kwa mkono wake. "Picha?" huwa anasema. "Utaoa kwa picha?" Safari hii alikuja na kibuyu kimezungushiwa khanga mbili, amekipakata kifuani kama mtoto. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa jani la mgomba lililokauka. Ndani, kwenye shingo na kitakoni, mama yake Kissa alikuwa ameacha mgando kidogo, na pembeni yake vijiti vitatu vya mti wa kufukizia.

"Ndaga, baba," Kissa alishukuru kwa Kinyakyusa, amepiga goti jikoni kwetu, juu ya vigae.

"Mama yako amenisumbua," mzee alisema. "Mara nisikilaze, mara nisikitikise. Nimekuja nimepakata kibuyu kutoka Dar mpaka hapa. Msichana wa ndege ananiuliza, mzee, hicho ni nini? Nikamwambia ni mjukuu."

Kissa akampigia mama yake simu palepale, na mama akamwagiza mambo mengi. Sikuelewa hata moja, walisema kwa lugha yao. Mimi nilizaliwa Mwanza mjini. Maziwa nimeyajua kwenye mfuko wa nailoni. Laiti ningeuliza siku ile waliambiana nini.

Siku ya Jumanne Kissa alipanda juu ya paa na kopo la rangi tupu, akawasha kijiti kimoja, akakiinamisha kibuyu juu ya moshi. Moshi wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuwashia pua tu. Haikupita dakika kumi mama mwenye nyumba akatokea mlangoni na ndoo ya maji, amevaa kandambili mguu mmoja, na bila kuuliza akaumwagia moto, kopo, na miguu ya Kissa. Kibuyu Kissa alikuwa amekinyanyua juu ya kichwa. Walizozana, mmoja kwa Kikantoni, mwingine kwa Kichina cha sokoni, na mimi nimesimama na George tunawatazama. Mwishowe mama mwenye nyumba alikinusa kibuyu, akakunja uso, akasema neno ambalo Kissa alikataa kunitafsiria.

"Lakini kimeshafukizika," Kissa alisema tunashuka, maji yanamchuruzika. "Aseme anavyotaka."

Alimimina maziwa ya nyati siku hiyohiyo. Alhamisi asubuhi alikiinua kibuyu, akakitikisa kidogo karibu na sikio, akaita, "Mama George, njoo."

Mgando ulitoka kwa vipande, taratibu, unaanguka bakulini kwa sauti ya kitu kizito. Mweupe, na ndani yake vijidoa vya kijivu vya masizi. Uchachu wake ulinigonga nyuma ya masikio, halafu moshi ukaja polepole mwishoni. Nilikula na ndizi za kuchemsha nikaongeza. Kissa alikula amesimama, amegeukia dirisha. Akamchotea George kwenye kikombe chake cha bluu chenye masikio mawili. George alikunja uso wote, akatetemeka mabega, akafungua mdomo tena. Kilichobaki kikombeni nilikiweka kwenye friji.

"Kesho nakwenda Xintang na mzee Thadeo," Kissa alisema. "Jioni nikirudi napitia maziwa, namimina, Jumapili tunakwenda kwa Kawira na majagi mawili. Anangoja stori, atapata mala."

Ijumaa alitoka mapema. Kibuyu alikiacha karibu na jiko, mdomo wazi, kimetandwa kitambaa chembamba. Ndani aliacha mgando kidogo, ndio mbegu ya kumiminia. Mimi hilo sikulijua. Nilichokiona ni kibuyu kichafu. Saa sita, joto la mwezi wa sita limepanda, kilikuwa kinanuka, na nzi wadogo wamekizunguka. Nikamwaza Kissa atakavyorudi na mgongo wake, aanze kusugua. Nilikuwa ndio nimemaliza chupa za George, na maji ya moto bado yapo.

Nilikiosha kama ninavyoosha chupa za mwanangu. Nilitumia sabuni ya chupa, ile ya ndimu, na brashi yenye shingo ndefu. Nikakisuuza, nikamimina maji yanayochemka mpaka juu, nikayaacha humo dakika tano, nikamwaga, nikarudia. Nikakianika barazani, mdomo chini. Kilikuwa safi hata ungemnyweshea mtoto. Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba nilijisikia vizuri.

Kissa alirudi saa kumi na moja jioni, lita nne za maziwa kwenye mfuko, vumbi la bluu la jinzi kwenye kucha. Nilimwambia kabla hajavua viatu.

"Dada, nimekusafishia kibuyu chako."

Aliweka mfuko chini. Alikwenda barazani, akakichukua, akaingiza pua. Kisha akaingiza kidole, akakitazama kidole.

"Kwa maji ya moto?"

"Yanayochemka. Mara mbili. Na sabuni ya George."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa kwenye kigoda cha plastiki, amekipakata kile kibuyu, na nikaona midomo yake inatingishika kama mtu anayetafuta neno kwenye lugha isiyo yake.

"Kibuyu hiki hakijaona sabuni tangu bibi yangu," alisema mwishowe. "Huoshwa kwa maji baridi, kisha moshi. Mama aliniambia kwenye simu. Aliniambia hata hapahapa jikoni, umesimama."

"Sikuelewa mlivyokuwa mnaongea."

"Najua." Akavuta pumzi. "Najua, mdogo wangu. Nilipaswa kukwambia."

Alimimina maziwa hivyohivyo, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Jumamosi alikitikisa kila baada ya saa moja, na jioni akamwandikia Kawira kwamba bado haijaganda. Nilisikia kule ndani maji yakicheza, chwa, chwa, kama mtu anayekucheka kwa siri. Jumapili asubuhi aliyamimina kwenye bakuli. Yalikuwa maziwa. Maziwa tu, yanayonuka ndimu ya sabuni na yameanza ule uchungu wa mwanzo.

Ndipo nilipofungua friji kumtafutia George chakula, na nyuma ya kisamvu nikaona kikombe cha bluu chenye masikio mawili.

Nilikitoa, nikamwekea Kissa mbele. Mgando wa vijiko viwili ulikuwa umebaki, umekauka pembeni, na alama ya meno manne ya George kwenye ukingo. Kissa alinusa. Aliweka kidogo kwenye ulimi. Aliniangalia, akasimama haraka kwa mtu mwenye mgongo, akapasha maziwa yaliyobaki kwenye mfuko ndani ya friji, akayapoza mpaka yakawa vuguvugu, akaweka kila kitu kwenye gudulia la kioo lililokuwa la asali, akalizungushia khanga ya mama yake.

"Hii itakuwa tayari kesho," alisema.

"Kesho ni vizuri."

"Kawira anataka leo."

Tulikwenda Xiaobei mikono mitupu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno: atamwambia Kawira ampe siku tatu, atamweleza habari ya mbegu, atamwambia kosa limetokea. Hakunitaja. Kila alipoyarudia maneno yale, mimi sikuwemo.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Watu wametoka kusali, mashati ya kunyooshwa, watoto wanakimbia kati ya meza. Na juu ya meza kubwa kulikuwa na majagi mawili meupe, yamejaa.

Mzee Thadeo alikuwepo. Aliinua glasi alipomwona Kissa. "Huyu hapa," alisema. "Binti, umetuheshimisha."

"Hii mala iko poa kabisa," mtu wa meza ya pili alisema. "Sister, umekuwa wapi miaka yote?"

Kissa alimtazama Kawira. Kawira alimvuta jikoni kwa kiwiko, nami nikafuata. Chini ya meza ya kukatia nyama kulikuwa na ndoo nyeupe ya mtindi mzito, ambayo Kawira alikuwa ameinunua kwenye mgahawa wa Waarabu mtaa wa nyuma. Aliuchanganya na maji, akatia chumvi kidogo.

"Uliniandikia jana kwamba haijaganda," Kawira alisema kwa sauti ya chini. "Ningefanya aje? Nimewaambia ni yako. Wamepiga glasi tatu tatu. Kazi umepata, Kissa. Anza kesho. Unataka nini tena?"

"Wanakunywa wakidhani ni yangu."

"Wanakunywa. Hapo ndipo sentensi inaisha."

Nilimwona Kissa anaangalia jiko lile: meko ya gesi, sufuria zimepangwa, kigoda kirefu cha kukalia mpishi. Aliweka mkono juu ya kigoda, akakisukuma kidogo kama anajaribu kama kinacheza. Hakikucheza.

Tulipotoka jikoni, mzee Thadeo alikuwa na simu mkononi, amenyoosha mkono mbele, na kwenye kioo cha simu yupo mama yake Kissa, huko ilikuwa asubuhi, amevaa kitenge cha kanisani. Mzee alikuwa anamwonyesha glasi.

"Nimeinywa, mama. Mbegu yako imefika China salama."

Mama kule alipiga makofi. Meza nzima ikacheka. Mzee akampa Kissa simu, na mama akamuuliza kitu kwa lugha yao, swali fupi. Kissa alimtupia jicho Kawira. Mama akarudia. Kawira alikuwa nyuma ya kaunta, anafuta mahali palipokuwa pasafi.

Kissa akajibu. Maneno yalikuwa machache, na mimi sikuyaelewa, lakini nilimwona mzee Thadeo anaishusha glasi mezani polepole, na uso wa mama unasogea karibu na simu mpaka likabaki jicho na utepe wa kitambaa cha kichwa. Kissa akarudisha simu. Kisha akasema kwa Kiswahili, si kwa sauti ya juu, lakini vyerehani havikuwepo pale, kila mtu alisikia.

"Hii siyo yangu. Yangu haijaganda."

Mtu wa meza ya pili aliangalia glasi yake. "Sasa hii ni nini?"

"Ni maziwa," Kawira alisema. "Kunywa."

Alimfuata Kissa mlangoni. Hakuwa na hasira kubwa, alikuwa amechoka. "Nimekufungulia mlango, wewe unabisha na bawaba. Careen ataanza kesho. Ukiwa na ya kwako, na ni ya kila siku, si ya bahati nasibu, njoo tuongee."

Kwenye treni nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia angenyamaza tu, dada, kwa siku nne tano, mpaka yake ipatikane. Nani angejua.

"Mama aliniuliza kama moshi unasikika," alisema. "Ningemjibu nini? Ile hata sijainusa." Akaegemeza kichwa kwenye kioo. "Na nimeshajuta, usidhani sijajuta. Kile kigoda kilikuwa kizuri."

Jumatatu gudulia liliganda. Jepesi kidogo, lakini uchachu ulikuwa uleule wa nyuma ya masikio. Mzee Thadeo alipanda ghorofa sita kabla ya kwenda uwanja wa ndege, anahema, akakabidhiwa kijiko. Alionja. Akaonja tena.

"Moshi haupo," alisema. "Lakini ni ya nyumba ile. Mama nitamwambia."

"Mwambie kibuyu kilioshwa kwa sabuni," Kissa alisema.

Mzee aliangalia gudulia, akaniangalia mimi, nadhani nilikuwa nimeinamisha uso. "Hilo," alisema, "sitamwambia."

Ilimchukua Kissa siku tisa kukirudisha kibuyu. Alikiloweka maji baridi kutwa mara tatu mpaka ndimu ikaisha, akakifukiza kwa kijiti cha pili barazani, dirisha la jikoni limezibwa kwa shuka, na mimi nimesimama ngazini kumwangalia mama mwenye nyumba asitokee. Mara ya kwanza, kwa mbegu ya lile gudulia, mgando ulitoka na uchungu, akamwaga. Mara ya pili mama wa duka la tangawizi alikuwa amechemsha maziwa zaidi, yakagoma, akamwaga. Asubuhi nyingine alikwenda Xintang kukalia mizigo, akarudi amejishika kiuno.

Mara ya tatu mgando ukatoka, na siku ya kumi tulipeleka majagi mawili Xiaobei. Kawira alijimiminia glasi, akanywa yote, akabaki ameshika glasi tupu.

"Nyanya yangu alikuwa na hii," alisema. "Hii hasa, na masizi yake." Alijimiminia nyingine kabla hajaendelea. "Asubuhi tatu kwa wiki nitakupa. Nyingine Careen nishampa, siwezi mfukuza. Na ile ndoo haitoki, siku zako zikiharibika nitauza nini?"

Kissa alikuwa anataka asubuhi sita. Alisema sawa.

Siku yake ya kwanza jikoni nilipita na George kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, anamenya ndizi. Mtu wa meza ya pili alikuwepo, yule aliyesema iko poa kabisa. Alikunywa mgando wa Kissa robo glasi, akaisogeza mbele.

"Sister, si ubaya," alisema, "lakini ile ya Jumapili ile ilikuwa tamu kuliko hii. Hii ina moshi moshi. Mliunguza?"

Careen, aliyekuwa anaosha vyombo, alificha uso kwa kitambaa. Kissa alishuka kigodani, akaichukua glasi yake, akainama chini ya meza ya kukatia nyama, akachota kwenye ndoo kwa glasi nyingine, akatia maji, akatia chumvi, akakoroga, akampelekea. Mtu akanywa, akainua kidole gumba.

Glasi ile ya kwanza, yenye robo tatu, hakuimwaga. Alikuja nayo mpaka nilipokaa na kumnywesha George, kidogo kidogo, akimfuta kidevu kwa kona ya aproni. George alitetemeka mabega, akafungua mdomo.

Jioni ile nyumbani Kissa alikimimina kibuyu, akakiacha na mgando kidogo ndani, akakiweka karibu na jiko, mdomo wazi. Nilikuwa nakusanya vyombo. Mkono wangu ulipita karibu nacho kuchukua kikombe.

"Hicho acha," alisema kutoka chumbani kwake, bila hata kutazama.